Kaya ya Bibi Wakuru Niliyoiandika Vibaya

Siku ya kuniaga ofisini vijana walinipa kabati la vyombo, na keki yenye sukari ambayo daktari alishanikataza. Neema, binti aliyerithi meza yangu, akaniomba kwa adabu zote, "Mama Zuhura, utuandikie basi mambo ya kazini tujifunze kwako." Nadhani alitegemea nieleze namna ya kupanga mafaili. Mafaili mtayapanga wenyewe. Mimi nitawaandikia kitu nilichoharibu, maana yale niliyofanya vizuri yamo kwenye ripoti na hakuna aliyewahi kuzisoma. Majina nimeyabadilisha na kitongoji sikitaji, kwa sababu mtakazoziona huko mbele.

Nimezaliwa Manyamanyama, Bunda. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, na ng'ombe niliokuwa nawafahamu mimi ni wale wa buchani, ambao hawana kichwa. Nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani nikimshonea baba vifungo. Vifungo vyenyewe nilikuwa navipandisha juu au navishusha chini, wateja wanatoka na mashati yaliyopinda. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba wanatafutwa makarani wa sensa, ile ya themanini na nane, baba ndiye aliyenisukuma. "Nenda kahesabu watu," akasema. "Watu hawapindi."

Mafunzo yalifanyika Musoma mjini, kwenye darasa la sekondari moja wanafunzi wakiwa likizo. Tuligawiwa mkoba wa turubai, penseli mbili, kifutio, kichongeo, chaki ya kuandika namba milangoni na ubao mwembamba wa kuegemeza karatasi. Nyinyi wa vishikwambi mnacheka, lakini ubao ule haukuwahi kuishiwa chaji. Halafu tukaapishwa. Tulisimama, tukainua mkono wa kulia, tukaapa kwamba tutakachoelezwa katika kaya ya mtu hatutamwambia mtu mwingine awaye yote. Mimi niliapa kwa sauti kuliko wote, hadi mkufunzi akanitazama kwa mapenzi. Kumbukeni hiyo sauti, itanitia aibu baada ya siku chache.

Mkufunzi huyo alikuwa amesoma ng'ambo, na kutoka huko alikuja na karatasi moja ambayo alitutolea nakala kila mtu ya kwake. Ilikuwa ukurasa wa sensa ya zamani sana, enzi za Malkia Viktoria, kaya moja ya wakulima huko shambani Uskochi. Alikuwa ametutafsiria kwa penseli pembeni. Mkuu wa kaya, mkulima, miaka arobaini na nane. Mke. Watoto watano wamefuatana kwa umri. Mama mkwe, mjane. Halafu chini kabisa, msichana wa miaka kumi na tisa, mtumishi, na kijana mmoja mchunga ng'ombe, kibarua. Jamani, niliipenda ile karatasi! Kila mtu na mstari wake, kila mstari na jibu lake. Hakuna jirani aliyeingia katikati ya maandishi kuomba moto. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, na nikawa naisoma wakati wa kulala kana kwamba ni barua niliyoandikiwa mimi.

Msimamizi wetu hakuipenda. Huyu alikuwa Mzee Magesa, ofisa takwimu wa pale Musoma, mrefu, mwembamba, anatembelea baiskeli yenye breki moja. Ndiye aliyenifundisha kazi kwa miaka yote iliyofuata, na mengi ninayoyajua ni yake. Aliiangalia karatasi ile akasema, "Hawa watu wako Uskochi, mama. Wewe nimekupanga Butiama." Mara nyingine akanivuta pembeni: "Ukifika kwa watu, uliza, halafu nyamaza. Wewe la kuuliza unaliweza."

Siku hizo Butiama haijawa wilaya, ilikuwa ndani ya Musoma Vijijini. Nilipewa kitongoji cha nyumba kama themanini, zimetawanyika kwenye vilima na mawe, mashamba ya mihogo na mtama katikati. Mwenyeji wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee mchangamfu aliyekuwa akinitangulia na kutangaza, "Serikali hiyo!" kila tukifika uwanjani kwa mtu. Nami kwa ujinga wangu nilikuwa nanyoosha mgongo. Siku ya kwanza niliandika namba ya nyumba kwa chaki kwenye mlango wa banda la mbuzi. Siku ya pili nilimhesabu mgeni mmoja kwenye kaya mbili, kwa sababu alikuwa na njaa na alinifuata kila nilipokaribishwa chakula. Siku ya tatu nikafika kwa Bibi Wakuru.

Namwita bibi kwa heshima, lakini wakati ule hakuwa mzee, alikuwa na miaka hamsini hivi, mjane, mkavu, macho yake hayana haraka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Shemeji yake, Mzee Mugendi, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa pale pia. Alikuja kusalimia akatulia kivulini aone mambo ya serikali. Nikaamkia, nikaketi, nikaweka ubao magotini.

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi."

Nikaandika, roho kwatu. Mara kutoka jikoni akaja msichana wa miaka kama ishirini, amebeba mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa miaka minne amemshika gauni. Akapiga magoti akaniwekea bakuli la uji mbele yangu, akarudi akaanza kufagia uwanja.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Nyangeta."

"Ni mwanao?"

"Hapana. Mimi Mungu hakunipaga mtoto."

"Mkweo? Ameolewa na nani hapa?"

"Ameolewa hapa hapa," Bibi Wakuru akasema, na akaendelea na mahindi yake.

"Na baba wa hawa watoto?"

"Mume wangu."

Nikashukuru Mungu, nikajua ni mke mwenza. "Yuko wapi?"

"Alikufa. Mwaka wa kumi huu."

Nikamtazama mtoto mchanga, nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya ubao. Bibi Wakuru akaniona. "Binti," akasema, "umetumwa kuhesabu watu au kuhesabu miezi?"

Balozi akacheka mpaka akakohoa. Mimi damu ilinipanda masikioni. Mtu mwenye akili angeuliza swali moja zaidi. Kila mtoto wa Mara aliyekulia kijijini analijua jibu: mwanamke asiye na mtoto anatoa ng'ombe, anaiolea nyumba yake binti, na watoto atakaozaa binti huyo wanakuwa wa nyumba ile na wanaitwa kwa jina la marehemu mume wake. Tunaitaga nyumba ntobhu. Jirani zetu wengi pale Bunda walikuwa wametoka kwenye nyumba hizo hizo, lakini mimi nilikuwa nashona vifungo. Basi nikamkumbuka yule msichana wa Uskochi. Umri unalingana, si binti wa mwenye nyumba, analeta uji, anafagia. Nikaandika: mtumishi. Na watoto wake nikawaandika watoto wa mtumishi. Nikajiona hodari.

Hayo yangeishia kwenye karatasi kama ningenyamaza. Lakini mafunzoni walituambia tuhakikishe majibu kabla ya kuondoka, nami nilikuwa na ile sauti yangu. Nikasimama katikati ya uwanja, mbele ya balozi na Mzee Mugendi, nikasoma kaya yote kwa sauti ya taarifa ya habari. "Wakuru, mkuu wa kaya. Nyangeta, mtumishi."

Ufagio ulisimama. Bibi Wakuru aliacha mahindi. Mzee Mugendi ndiye aliyenyanyuka, akapangusa suruali, uso umemchangamka.

"Umesikia, balozi?" akasema. "Serikali imeshasema. Hapa kwa kaka yangu hakuna mke wala watoto. Kuna mtumishi."

Nilidhani ni utani wa mashemeji. Nikacheka nao. Haki ya Mungu, nilicheka.

Jioni Mzee Magesa alikuja kukagua fomu kwenye baraza la shule nilikolala. Alipofika kaya ile akavua miwani. Akaniuliza maswali mawili tu: kama nilimuuliza mwenyewe Nyangeta, na nilisoma mbele ya nani. Nilipojibu akanieleza mambo ya nyumba ntobhu taratibu. Akanieleza pia kwamba Mugendi amekuwa akilitaka shamba la kaka yake tangu kaka mtu alipozikwa, na kinachomzuia ni wale watoto wawili. "Umemkabidhi panga, mama," akasema. "Kesho asubuhi urudi ukafute."

Nikarudi alfajiri. Nyangeta alikuwa shambani. Bibi Wakuru alinipokea bila uji. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikamwuliza upya kila kitu, naye akanijibu kila kitu kwa sauti ya chini bila kunitazama. Nikafuta, nikaandika sahihi. Kifutio kilitoboa karatasi kidogo pembeni.

"Sasa kisome ulichoandika," akaniambia. "Nenda kwa balozi ukakisome kama jana."

Hapo ndipo nilipokumbuka kiapo. Nikamweleza kwamba maelezo ya kaya ni siri, siruhusiwi kuyatangaza. "Jana haikuwaga siri?" akauliza. Nikasema jana nilikosea. Mimi nilijiona nimejifunza uaminifu wa kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama tena pale uwanjani na kusema nilikuwa mjinga, na kiapo kilinipa mahali pa kujificha.

Baada ya sensa Mzee Magesa akaniombea kibarua ofisini, na kibarua kikawa kazi ya maisha. Sitawachosha. Nilipita Bukima kuhesabu wavuvi kwenye kambi, na kule nilijifunza kwamba mvuvi huhesabiwa kabla hajapokewa na mke wake, la sivyo unasubiri. Niliwahi kupotea kwenye mashamba ya pamba Bunda, kwetu, nikaonyeshwa njia na mtu niliyekuwa nimetoka kumhoji. Niliwafundisha makarani wa sensa tatu zilizofuata, na kila kundi niliwakanya juu ya kusoma majibu kwa sauti, bila kuwaambia nimelijulia wapi. Kila ramani za kazi zilipogawiwa, Butiama nilimpa mwingine. Mzee Magesa aliliona hilo hadi anastaafu. Aliniuliza mara moja tu, "Kule kwa Wakuru hujarudi?" Nikasema kazi nyingi. Akasema, "Ndiyo, kazi nyingi," akarudi kwenye karatasi zake.

Kwenye sensa ya mwisho, ile ya vishikwambi, nilikuwa nimekaa ofisini nakunywa chai ya rangi, simu ikaita. Karani mmoja kijana yuko Butiama. "Mama Zuhura, hapa kuna bibi amegoma. Anasema hanijibu chochote mpaka aje yule mwanamke aliyemwandika mke wake mtumishi. Mama, unamfahamu huyo karani?"

Nikamwambia simfahamu. Nikamwelekeza namna ya kumbembeleza bibi mzee. Alipokata simu nilikaa pale na kikombe hadi chai ikapoa. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita, na mimi nilikuwa mwoga vilevile, nimeongezeka kilo tu.

Nilistaafu mwaka jana. Mwezi mmoja baadaye, asubuhi, nafagia kwangu Kigera, hapa Musoma, mama mmoja mnene kiasi, kitenge kizuri, akasimama getini akabisha hodi. Sikumtambua mpaka alipotaja jina.

"Mimi Nyangeta," akasema. "Bibi amefariki. Tumeshamzika."

Nikamkaribisha ndani, nikampa pole. Hakugusa soda. Akaeleza moja kwa moja kilichomleta. Mzee Mugendi alikufa zamani, lakini mwanawe Wambura ameitisha kikao cha ukoo. Anataka Nyangeta na wanawe wahame na wake zao na watoto wao, waache nyumba na shamba, kwa kuwa wao ni watu wa mtumishi. Wazee walioshuhudia ng'ombe wa mahari wamekwisha kufa karibu wote. Wambura anatamba kwamba sensa ya serikali ndiyo ushahidi wake, na vijana wa ukoo wameanza kumwamini.

"Wanangu wamekua wanaitwa hivyo," akasema. "Shuleni, gulioni. Mkubwa alivunjaga mtu jino kwa hilo jina. Mimi nilivumilia kwa sababu bibi yupo. Sasa hayupo. Kikao ni Jumamosi. Uje."

"Nilifuta, Nyangeta," nikasema. "Kesho yake nilifuta."

"Nani alisikia?"

Akaaga. Nilimpigia simu Mzee Magesa, amezeeka, sauti imebaki nyembamba. Nikamweleza, nikamkumbusha kuhusu kiapo, kwamba hata tukistaafu bado kinatufunga na wanaweza kutushtaki. Akasikiliza yote. "Zuhura," akasema, na sijawahi kumsikia akiniita kwa jina langu, "mbona siku ile ya kwanza hukukikumbuka?" Akakata.

Jumamosi nikaenda. Watu walikuwa kama arobaini uwanjani, wazee kwenye viti vya plastiki, mwenyekiti wa kikao mzee mmoja wa ukoo mwenye kofia ya sufu. Nyangeta alikaa upande na wanawe wawili, wanaume wazima wenye mvi za kwanza, na wajukuu nyuma yao. Wambura alisimama akasema maneno yake, na ni msemaji mzuri. Alipomaliza akaninyooshea kidole. "Karani mwenyewe huyo amekuja. Aseme kama hakuandika mtumishi."

Nikasimama. "Niliandika," nikasema.

Watu wakaguna. Mtoto mkubwa wa Nyangeta aliinamisha kichwa, nikaona ni lazima niseme haraka kabla sijarudi kuwa mimi.

"Niliandika kwa ujinga. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa fundi cherehani wa Bunda mjini, sijui ng'ombe, sijui nyumba ntobhu. Nilikuwa na karatasi ya watu wa Uskochi, wamekufa siku nyingi, nikawaandika nyinyi kama wale. Mama huyu alinipa uji, mimi nikamwona mtumishi kwa sababu ya uji. Kesho yake nilirudi nikafuta. Siku mbili kabla nilikuwa nimeandika banda la mbuzi kuwa nyumba. Hapo ndipo mnapotaka kuegemeza shamba?"

Mzee mmoja akacheka. "Banda la nani?" akauliza. Nikamtajia. "Ni kweli!" akapaza sauti. "Chaki ilikaaga mlangoni mpaka mvua." Wakacheka wengi, na Wambura akawa hana pa kuweka mikono. Lakini mwenyekiti hakucheka.

"Unasema ulifuta," akasema. "Ukaandika nini?"

Nikasema ni siri ya kaya, nimeapa. Hapo Nyangeta akanyanyuka. Hakupandisha sauti.

"La kwanza ulilisema mbele ya watu, mimi nimeshika ufagio. Halikuwaga siri. Hili la pili ni langu, si la serikali. Liseme."

Nikalisema. "Niliandika mke."

Mwenyekiti akamgeukia Wambura, akamwuliza kama ana neno lingine mbali na la karani. Wambura akasema baba yake alimwambia. Akaulizwa baba yake alilipata wapi. Akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, maana na yeye alilishwa ujinga wangu tangu mtoto. Kikao kikaamua Nyangeta abaki nyumbani kwake, na shamba ni la wanawe kama alivyotaka Bibi Wakuru. Waliandika wakatia sahihi. Mimi sikuombwa kuandika.

Walinipa chakula, nikashindwa kula. Nyangeta akanisindikiza hadi barabarani nikapande bodaboda. Tulipofika akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ni hilo tu?" akaniuliza. "Hilo neno moja ndilo lilikushindaga miaka yote?"

Nikamwambia ndilo.